Tundra ya lita 5.7 katika milima ya Colorado: nifunge naitrasi au supachaja?

Mkazi wa Aurora ameuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa magari, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo nimezidunduliza kwa karibu miaka miwili.

Ninaishi Aurora, pembeni ya Denver katika jimbo la Colorado, na ninamiliki pikapu ya Toyota Tundra ya mwaka 2014 yenye injini ya V8 ya lita 5.7, ambayo ndugu zetu walioko Ghuba wanaifahamu vizuri kwa sababu ndiyo iliyokuwa ndani ya Land Cruiser 200 na Lexus LX 570. Imekwisha kutembea maili 112,000, injini haijawahi kufunguliwa wala haili oili. Kazi yake kubwa ni kuvuta tela ya samani yenye uzito wa karibu tani tatu, mara mbili au tatu kwa mwezi, kupitia barabara kuu ya I-70 hadi Frisco na wakati mwingine Vail. Siku zilizobaki ninaiendesha tupu mjini, na nikipata nafasi ninaipeleka kwenye mashindano ya robo maili. Zamani nilikwenda Bandimere Speedway, lakini tangu uwanja ule ulipofungwa mwaka 2023 ninalazimika kwenda Pueblo.

Tatizo langu ni nguvu. Kitabu cha gari kinasema injini hii inatoa nguvu farasi 381, lakini nikiwa na tela, nikipanda kutoka Georgetown kuelekea handaki la Eisenhower, giaboksi inajirudisha gia za chini, injini inalia kwa mizunguko 5,000 kwa dakika na mwendo unaporomoka hadi maili 45 kwa saa huku malori yakinipita. Bila tela gari linakwenda, ila halina ule msukumo ninaouona kwa wenzangu wenye pikapu za umri kama wangu.

Nimepewa bei mbili. Gereji ya kwanza itanifungia supachaja pamoja na kupanga upya programu ya kompyuta ya injini kwa dola 8,500. Ya pili itanifungia naitrasi ya kuongeza nguvu farasi 100 kwa dola 1,300, mtungi ukiwa umejazwa. Tofauti ni kubwa mno, na wa pili ananiambia kwamba nguvu nitakazozipata zitakaribiana. Je, ni kweli? Na je, injini ya umri huu itastahimili? Niongeze tu kwamba mwaka jana nilibadilisha matairi na kuweka ya inchi 35, kwa hiyo gari limeinuka kidogo.

Fundi wa Houston amejibu:

Ndugu yangu wa Aurora, mimi ni fundi wa injini za petroli kwa miaka kumi na tisa sasa, na swali lako limenigusa kwa sababu wengi huuliza jinsi ya kupata nguvu farasi 100 bila kuuliza watazihitaji kwa muda gani na katika hewa ya namna gani. Wewe umetaja mlima, na mlima ndio utakaokupa jibu.

Injini haikosi petroli, inakosa oksijeni. Petroli unaweza kuimwaga kadiri utakavyo, lakini bila oksijeni ya kuichoma haina faida. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenkishafti (shafti kuu ya injini), nayo hushindilia hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Naitrasi haishindilii kitu: ni gesi iliyobeba oksijeni yake yenyewe, kiasi cha asilimia 36 kwa uzito ikilinganishwa na asilimia 23 ya hewa ya kawaida, na inapofikia joto la karibu digrii 300 ndani ya silinda huvunjika na kuiachia oksijeni hiyo. Aidha, inapotoka mtungini ikiwa kimiminika huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo huipoza sana hewa inayoingia, na hewa baridi ni hewa nzito.

Sasa tuje kwako. Denver ipo mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapo ni pungufu kwa takriban asilimia 17 ukilinganisha na pwani. Maana yake ni kwamba ile injini ya nguvu farasi 381, hata ikiwa nzima kabisa, kwako inatoa karibu 315. Ukifika kwenye handaki la Eisenhower, ambalo lipo karibu mita 3,400, hewa imepungua kwa theluthi moja, na injini yako imebaki na nguvu farasi kama 250 za kuvutia pikapu, tela na mzigo. Gari lako si bovu, linakosa pumzi kama mtu aliyetoka Tanga leo akaambiwa apande Kilimanjaro kesho.

Toyota yenyewe, kupitia tawi lake la TRD, iliwahi kuuza supachaja ya injini hii, na tarakimu walizotangaza zilikuwa nguvu farasi 504 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya pauni-futi 550, kwa presha ya nyongeza ya pauni zipatazo 8 kwa inchi ya mraba. Lakini tarakimu hizo ni za usawa wa bahari. Supachaja huizidisha hewa inayoikuta, haitengenezi hewa ambayo haipo. Pauni 8 pwani ni sawa na kuizidisha presha ya hewa kwa takriban 1.5. Kwako Denver kuzidisha ni kule kule, lakini hewa ya kuanzia ni ndogo, hivyo badala ya 504 tarajia karibu 415. Kule handakini, theluthi mbili za hewa ukizizidisha kwa moja na nusu unapata moja kamili. Yaani supachaja ile, kwenye sehemu ngumu kuliko zote katika safari yako, itairudishia injini presha ya hewa ya pwani, ile ambayo wahandisi waliikusudia tangu mwanzo. Sehemu ya nguvu itapotea katika kuizungusha supachaja yenyewe na katika joto, kwa hiyo usitegemee 381 kamili, lakini utakuwa na nguvu farasi zaidi ya 330 mahali ambapo leo una 250, na utakuwa nazo kwa dakika zote utakazozihitaji.

Hapo kwenye neno dakika ndipo naitrasi inaposhindwa na kazi yako. Mtungi wa kawaida una pauni 10 za gesi, na nyongeza ya nguvu farasi 100 hula karibu pauni moja kwa kila sekunde kumi. Mtungi mzima utaisha ndani ya dakika moja na nusu hadi mbili. Kutoka Georgetown hadi handakini ni takriban kilomita 20 za kupanda, na hata ukienda maili 55 kwa saa utatumia zaidi ya dakika 13. Yule aliyekuambia kwamba nguvu zitakaribiana hakukudanganya kuhusu kiasi, ila alikuficha muda.

Jambo la mwisho, na hili nakusihi usilipuuze. Vituo vya petroli vya huko kwenu huuza petroli ya kawaida yenye oktani 85 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo), jambo ambalo sisi wa Texas halituhusu. Desturi hiyo ilitokana na hewa nyepesi, kwa kuwa presha ndogo ndani ya silinda hupunguza uwezekano wa injini kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe kabla ya wakati. Siku utakapofunga supachaja utakuwa umeiondoa ile nafuu ya mwinuko kwa mikono yako mwenyewe, na petroli ya 85 itaigonga injini yako mpaka ivunje pistoni. Kuanzia siku hiyo ni 91 tu, kila tone, hata ukiwa huna haraka. Hesabu gharama hiyo pia.

Mpenda Robo Maili amejibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu tela, lakini nasikitika naitrasi inapozungumzwa kana kwamba ni ulaghai. Nimeitumia kwa miaka minane, na kuna jambo moja ambalo Fundi hakulitaja ingawa linamhusu sana mtu wa Colorado: naitrasi haijali mwinuko. Kiasi kinachopita hupimwa na tundu la noseli na presha ya mtungi, si na hewa ya nje, kwa hiyo nguvu farasi 100 za Galveston, pwani ya Texas, ni nguvu farasi 100 za Denver. Katika vita vya pili vya dunia Wajerumani walifunga naitrasi kwenye ndege za kivita kwa mfumo walioita GM-1, na sababu ilikuwa hiyo hiyo, yaani kurejesha nguvu mahali ambapo hewa ni nyepesi na supachaja ya ndege imefikia ukomo wake. Kwa mtu ambaye gari lake ni la mashindano ya robo maili ya Jumamosi peke yake, huku siku nyingine akitaka injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hakuna dola inayonunua kasi nyingi kuliko dola ya naitrasi.

Lakini ifungwe kwa heshima. Toki ya naitrasi haifanani na ya supachaja. Nguvu farasi 100 zikiingia kwenye mizunguko 5,500 ni toki ya ziada ya pauni-futi 95, mzigo ambao injini nzima huubeba. Nguvu farasi hizo hizo zikiingia kwenye mizunguko 3,000 ni pauni-futi 175, zinazomwangukia pistoni kwa kishindo huku ikienda polepole. Ndiyo maana lazima kuwe na swichi inayoruhusu gesi kupita tu pale mafuta yamekanyagwa hadi chini, na swichi ya pili inayoifungua juu ya mizunguko 3,000 na kuifunga kabla ya kikomo cha mizunguko, kwa sababu kompyuta ikikata petroli huku naitrasi inaendelea kumiminika, silinda zinabaki na oksijeni tele bila mafuta, na moto wa namna hiyo huyeyusha alumini. Kuna pia swichi ya tatu, ya presha ya petroli, ambayo watu huiacha ili kuokoa fedha kidogo.

Niliiacha mimi. Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa na V8 ya lita 5.3, na nilifungiwa naitrasi ya nguvu farasi 150 na gereji ambayo sitaitaja, kwa solenoidi (valvu za umeme za kupitishia gesi na petroli) zilizokwisha kutumika. Miezi mitatu mambo yalikuwa mazuri. Siku moja solenoidi ya petroli ilikwama nusu, ya naitrasi ikafunguka yote, na ndani ya sekunde nne nikasikia sauti kama ya bati linalopasuliwa. Tulipofungua injini tulikuta pistoni ya silinda ya saba imevunjika kingo zinazoshika ringi. Swichi ya presha ya petroli ingekata gesi pale pale kama tatizo lingekuwa pampu au chujio, na ingawa kwa solenoidi iliyokwama baada ya swichi isingenisaidia, fundi aliyenijengea injini upya alinionyesha jinsi ya kupima mtiririko wa kila solenoidi kabla ya kufunga, kazi ya nusu saa ambayo ingeiokoa injini ile. Nasimulia haya kwa sababu dola 1,300 ulizotajiwa zinaonekana kwangu ni chache. Muulize yule mtu ni swichi zipi zimo ndani ya bei hiyo, kama kuna kifaa cha kupashia mtungi joto, na kama amepanga kurudisha taimingi nyuma, yaani kuchelewesha cheche za plagi. Kwa desturi hupunguzwa digrii 2 kwa kila nguvu farasi 50, pamoja na kuweka plagi za baridi zaidi. Akisita kujibu, ondoka.

Mwana wa Muscat amejibu:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Muscat, na ninayo Land Cruiser 200 yenye injini hiyo hiyo ya 5.7 pamoja na supachaja, ambayo huipeleka kwenye mchanga wa Wahiba kila msimu wa baridi. Kwetu adui ni joto badala ya mwinuko, lakini naona funzo lake linakufaa.

Hewa ikishindiliwa hupata moto. Kwa kiwango cha pauni 8 joto lake huweza kupanda kwa digrii 50 au zaidi kabla ya kufika kwenye kipoza hewa, na siku ambayo nje kuna digrii 45 utaelewa haraka kwamba supachaja bila kipoza chenye maji yake, pampu yake na radieta yake ndogo ya mbele ni kuni za kuchomea injini. Nilipoanza, nilikuwa naona nguvu asubuhi na kuzikosa adhuhuri, kwa sababu kompyuta ilikuwa inarudisha taimingi nyuma kuinusuru injini. Ilibidi nibadilishe radieta ya kipoza ndipo nguvu zikatulia. Wewe utakapokuwa unapanda mlima na tela, mwendo wako utakuwa mdogo, upepo wa mbele utakuwa mdogo, na mzigo utakuwa mkubwa kwa dakika kumi na tatu mfululizo. Hali hiyo inafanana na mchanga wetu kuliko unavyodhani. Muulize mfungaji kuhusu kipoza kabla ya kumuuliza kuhusu nguvu farasi.

Kuhusu naitrasi, niliiacha kwa sababu ya mtungi. Presha yake hutegemea joto la mtungi: kwenye digrii 20 ni bari 50 hivi, kwenye sifuri hushuka hadi bari 31, na ukivuka digrii 36 gesi yote huacha kuwa kimiminika na presha hupaa. Watu hulenga bari 62 hadi 65. Ikiwa pungufu, gesi inayopita ni kidogo kuliko petroli iliyopimwa kwa ajili yake, na injini inapaliwa na mafuta. Ikiwa nyingi kupita kiasi, petroli haitoshi, na hapo ndipo pistoni huungua. Sisi tunahangaika kuupoza mtungi, nyinyi wa Colorado mtahangaika kuupasha moto miezi mingi ya mwaka. Na popote uwekapo mtungi, usiuweke nyuma ya kiti bila bomba la kutolea gesi nje ya gari, maana gesi hiyo ikijaa chumbani humlevya dereva kabla hajajua kilichotokea.

Nikukumbushe pia kwamba namba za oktani za Marekani hazilingani na zetu. Ile 91 ya huko inakaribiana na 95 au 96 ya huku, kwa hiyo ukisoma ushauri wa watu wa Ghuba kuhusu petroli, usiuchukue ulivyo.

Mama wa Tela amejibu:

Nimesoma majibu yote na nashangaa kwamba hakuna aliyesimama kwenye sentensi ya mwisho ya swali. Kaka, umeweka matairi ya inchi 35.

Mimi na mume wangu tunavuta farasi kwa Tundra kama yako huko Wyoming, na kosa hili tulilifanya. Gari lako lilitoka kiwandani na difu ya 4.30, yaani shafti huzunguka mara 4.30 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na matairi ya inchi 32 hivi. Tairi kubwa hutembea umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, na kwa injini ni sawa na kwamba mtu amekubadilishia difu usiku na kukuwekea ya 3.93. Umepoteza karibu asilimia 9 ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, juu ya zile zilizochukuliwa na mwinuko, na tairi lenyewe ni zito zaidi kulizungusha na kulisimamisha. Hata kipima mwendo chako kinakudanganya kwa kiasi hicho hicho, isipokuwa kama ulikwisha kukirekebisha.

Badilisha difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, uweke 4.88. Kwa matairi hayo utakuwa na uvutaji kama wa difu ya 4.46 kwa matairi ya awali, yaani bora kuliko kiwandani. Sisi tulilipa dola 2,600 pamoja na kazi, na mlima ambao tulikuwa tunaupanda gia ya pili tukaupanda gia ya tatu. Hakuna mtungi wa kujaza, hakuna petroli ya 91 ya lazima, hakuna pistoni ya kuiogopea. Fanya hilo kwanza ndipo uamue kama bado unahitaji kitu kingine.

Mkazi wa Aurora ameuliza tena:

Nawashukuru sana, na Mama wa Tela amenifanya nitoke nje nikahesabu upya. Ni kweli, sikurekebisha hata kipima mwendo. Kumbe zile maili 45 nilizokuwa naziona mlimani zilikuwa karibu 49, ingawa malori yalinipita vilevile.

Fundi, nikibadilisha difu sasa kisha nikafunga supachaja baadaye, je, difu ya 4.88 itakuwa imepotea bure? Na unaposema injini nzima, ninapimaje uzima wake hapa kwetu kabla ya kuikabidhi kwa mtu?

Fundi wa Houston amejibu:

Haitapotea. Supachaja ya aina hii ina toki kubwa kuanzia mizunguko ya chini, na difu ya 4.88 itaipunguzia giaboksi mzigo na joto unapovuta. Kwenye robo maili unaweza kulazimika kubadilisha gia mapema kidogo, jambo ambalo si kubwa. Mama wa Tela amesema kweli, nami nakiri kwamba nilizama kwenye hesabu za hewa nikaipita sentensi ya matairi.

Kuhusu vipimo, anza na mgandamizo wa silinda zote nane, lakini usishituke ukiona tarakimu ziko chini ya kitabu. Geji ya mgandamizo huanza kuhesabu kutoka kwenye hewa ya hapo ulipo, na kwa kuwa hewa yenu ni pungufu kwa asilimia 17, injini nzima kabisa itasoma pungufu hivyo hivyo. Nimeona mtu akiuziwa ukarabati asiouhitaji kwa sababu fundi alilinganisha geji ya milimani na kitabu kilichoandikwa pwani. Wewe linganisha silinda kwa silinda: ya chini kabisa isipungue kwa zaidi ya asilimia 10 chini ya ile ya juu. Kisha omba kipimo cha kujaza hewa ndani ya silinda iliyofungwa valvu na kusikiliza inakovujia. Ikisikika kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu, na mapovu yakionekana kwenye radieta ni gasketi.

Chunguza pampu ya maji, kwani kwenye injini hizi huanza kuvuja taratibu na kuacha alama za rangi ya waridi, na angalia oili inayovuja pembeni ya minara ya kemushafti (shafti zinazofungua valvu). Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuzuia kufunga supachaja, lakini vyote ni rahisi kurekebisha kabla supachaja haijakaa juu yake. Chukua pia kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, panda Georgetown na tela, na uandike ni mara ngapi kompyuta inarudisha taimingi nyuma kwa sababu ya kugonga. Kama inafanya hivyo leo, bila supachaja, basi una tatizo la petroli au la masizi kwenye pistoni, na kuongeza presha juu yake ni kuliongezea moto.

Nguvu zikiongezeka, uwezo wa kuvuta uliothibitishwa na kiwanda hauongezeki hata kwa kilo moja. Breki, fremu, radieta na kiunganishi cha tela ni vile vile. Utapanda haraka zaidi, lakini kuteremka kutoka handakini hadi Georgetown kutakuwa na hatari ile ile ya leo, na matairi yako makubwa yamekwisha kuzipunguzia breki nguvu. Kama ningekuwa mimi, breki za mbele zingeingia kwenye bajeti kabla ya supachaja.

Mpenda Robo Maili amejibu:

Naunga mkono suala la breki. Na ukienda Pueblo na difu mpya, niandikie muda wako wa futi 60 za mwanzo kabla na baada. Kwenye futi 60 ndipo difu huonekana, na ningependa kuona tofauti kwenye gari zito kama hilo.

Mkazi wa Aurora amejibu:

Nimeamua. Yule wa naitrasi nilimpigia simu leo asubuhi nikamuuliza kuhusu swichi tatu, akaniambia kwamba kwa nguvu farasi 100 hazihitajiki, nikamshukuru na kukata simu.

Difu za 4.88 za mbele na nyuma zitafungwa Jumamosi ya wiki ijayo, pamoja na diski na pedi mpya za breki za mbele. Petroli ya 85 nimeiacha tangu jana, maana nilipofungua kitabu cha gari nilikuta kinataka 87, na mimi miaka yote nilikuwa nikijaza ile ya bei nafuu. Kipimo cha mgandamizo kitafanyika siku hiyo hiyo difu zikiwa chini. Mwisho wa mwezi nina mzigo wa Frisco wenye uzito ule ule wa karibu tani tatu, na nimemwomba mdogo wangu akae pembeni na kifaa cha kusoma kompyuta, aandike gia, mizunguko, mwendo na taimingi kila baada ya maili moja kutoka Georgetown hadi handakini. Fedha za supachaja zitakaa benki hadi majira ya kuchipua, na gereji ile ya kwanza nimekwisha kuitaka inipe kwa maandishi aina ya kipoza hewa, ukubwa wa radieta yake na nani atakayepanga programu ya injini kwa mwinuko huu.

Nitaleta tarakimu za mlima hapa, Fundi azisome kwanza.